Mwalimu wa Kago Aliyenigeuza Mwingereza

Niseme mapema tusipotezeane muda: yule mzee sikumwamini. Sikumwamini tangu siku ya kwanza, na hata leo ukiniuliza kama alikuwa mtu mwema nitakwambia ngoja kwanza nifikirie. Watoto walimpenda. Mama zao wengi walimshukuru mpaka wanapiga goti. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, mkoba begani, namtazama kama unavyomtazama muuzaji anayekwambia chukua tu dada, tutaongea siku nyingine.

Tulimwita Mwalimu wa Kago. Jina lake lilikuwepo kwenye pasipoti, na pasipoti ilikuwa shingoni mwake ndani ya mfuko wa plastiki, lakini hakuna aliyelitumia. Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake alitoka India kwa sababu gani, hayo niliyasikia kwa namna nyingi mpaka nikaacha kusikiliza. Ninachojua ni hiki: alikuwa Mhindi wa kwetu Tanzania, Kiswahili chake cha pwani kimenyooka kuliko changu, aliwahi kufundisha historia sekondari, na alipozeeka mpwa wake akamleta huku China, Guangzhou, akae naye. Mpwa alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo Tianxiu Dasha, lile jengo la mtaa wa Xiaobei ambalo Mwafrika akishuka na begi lake anaelekezwa kwanza. Ofisi kama hiyo sisi tunaiita kago. Nyuma ya kago, kati ya mzani na marobota yanayosubiri kwenda bandarini Huangpu, mzee akafungua darasa.

Ungewakuta watoto wamekaa juu ya marobota ya nguo, miguu inaning'inia, na yeye amesimama mbele na kile kishikio cha selotepu mkononi. Ndiyo ilikuwa fimbo yake ya kuonyeshea. Ubao ulikuwa katoni iliyofumuliwa na kuegemezwa ukutani. Somo likiisha, katoni inarudi kwa vijana wa kufunga mizigo, inakwenda na shehena. Kwa hiyo kuna mtu huko Mwanza au Kampala alifungua boksi la feni akakuta ndani yake ramani ya India imechorwa kwa kalamu nene, na mishale kila upande. Sijui alifikiria nini.

Kusoma na hesabu aliwafundisha, siwezi kumnyima haki yake. Mwanaidi wangu alijua kusoma Kiswahili palepale juu ya robota. Lakini kusoma kulikuwa kidogo, hesabu kidogo, halafu mzee anakohoa, anakunywa maji yake ya moto kwenye chupa kama Mchina, na watoto wote wanasogea mbele. Walijua kinachokuja. Zilikuwa zinakuja habari za Wahindi waliowagomea Waingereza.

Hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yake, hakuuza nyingine. Aliwasimulia wakulima waliolazimishwa kupanda nili, ule mmea wa rangi ya buluu, kwenye mashamba waliyotaka kupanda mpunga, mpaka siku wakasema hatupandi; na wanawake wao wakatoka na masufuria na sahani za shaba kuwatimua watu wa bwana shamba. Aliwasimulia watu wa milimani waliopitisha tawi la mti kijiji hadi kijiji, na kila kijiji kikilipokea kinajua maana yake: inukeni. Aliwasimulia watu waliotembea mpaka baharini kuokota chumvi, wakapigwa virungu kwa ajili ya chumvi, na waliofuata nyuma wakaja kupigwa vilevile bila kuinua mkono. Na chapati. Askari wa Kihindi kabla hawajaasi, chapati zilianza kutembea. Mlinzi wa kijiji anakuja kwa mlinzi mwenzake, anampa chapati, anamwambia oka nyingine upeleke mbele. Waingereza usingizi ukawaruka kwa sababu ya chapati.

"Mwalimu, zilikuwa na maharage?" akauliza Brayo, mtoto wa jirani yangu Mkenya.

"Zilikuwa tupu."

"Sasa waliogopa nini?"

"Nao walikuwa wanajiuliza hivyohivyo, mwanangu."

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Historia nilipata D na D yenyewe niliitolea jasho. Lakini hata mimi nilijua kuna kitu hakiko sawa mtu anapowaambia watoto wadogo, mwaka mzima, kwamba mkubwa akisema fanya, wewe unaweza kukaa chini.

Alikuwa na kauli yake moja: "Usiniulize nani alishinda, niulize nani alianza." Aliitoa kila mtoto alipokimbilia mwisho wa hadithi. Na kweli mwisho hakuusema. Hadithi zake zote zilikatika watu wakiwa bado wamesimama, kifua mbele, kisha basi, tokeni mkanywe maji. Nilidhani ni mtindo wa walimu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mzee alikuwa na sababu.

Halafu ilikuwa bure. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoota mizizi. Katika mji huu hata mtu anayekuonyesha njia anataka ununue kwa shemeji yake. Mzee hakutaka chochote. Ukimpelekea pilau anasema ameshakula. Ukimpelekea shati anasema analo. Machungwa tu ndiyo alipokea, na alikuwa anayamenya palepale akiwagawia watoto, maganda anatia mfukoni mwa kile kizibao chake chenye mifuko mingi. Picha hakutaka kupigwa. Ukiinua simu, anageuza uso.

Nilimwambia mama Brayo, tukiwa tunasubiri lifti ya Tianxiu, ambayo ukiisubiri unaweza kuzeeka.

"Wewe nawe!" akanirukia. "Mzee wa watu anakaa na watoi bure na bado unalia? Ungependa wakae kwa nyumba na simu siku mzima?"

Nyuma yetu alikuwepo Maman Fifi wa Lubumbashi, ananunua mawigi. Yeye alikuwa upande wangu.

"Mie nasema uyu muzee iko na kitu anatafuta," akasema. "Batoto betu anabafundisha Inde, Inde, Inde. Congo yetu iko wapi, donc? Siye hatukupigwa?"

"Mwambie basi!"

"Nilimwambia. Akasema, Mama, nafundisha kile najua. Sasa mutu wa vile utamujibu nini?"

Kilichonichoma zaidi ni maswali yake. Watoto walirudi nyumbani wanasimulia: Mwalimu ameniuliza mama anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, akichelewa nani anakuchukua, unakaa ghorofa gani. Mtu mzima anayetaka kujua mwendo wa wanawake wasio na waume karibu ni wa kuangaliwa. Mimi nanunua nguo Shahe kwa ajili ya wateja wa nyumbani, na Shahe soko linaanza kabla watu wenye akili hawajaamka. Baba yake Mwanaidi yupo, ila hayupo, tusimzungumzie. Kwa hiyo nikaenda kumuuliza mwenyewe.

Sasa tabu yetu sisi ni moja: hata ukienda kugombana na mzee lazima uanze na shikamoo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama Mwanaidi. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Unawauliza watoto tunarudi saa ngapi ili iweje?"

"Ili nijue nisifunge mlango wakati gani," akasema. "Keti, bibie."

Jibu zuri. Lilikuwa zuri mno. Sikuketi.

Na bado sijasema jambo la ajabu kuliko yote. Huyu mtu aliyesifu wavunja sheria kutwa nzima, yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa kupindukia. Taa ya kuvukia ikiwa nyekundu na barabara haina hata baiskeli, anasimama, mikono nyuma, anasubiri. Mlinzi wa jengo akipita kwenye korido kukagua pasipoti, mzee anasimama kabla hajaambiwa, anautoa mfuko wake shingoni, anaukabidhi kwa mikono miwili huku anatikisa kichwa, "hao, hao," yaani sawa, sawa. Siku moja mlinzi alikuwa anatafuta choo tu. Mzee akampa pasipoti. Kijana wa watu akaishika, haelewi aifanyie nini, akairudisha akacheka. Mzee naye akacheka, jasho linamtoka.

Nilikuwepo. Nikamchokoza mbele ya watoto. "Mwalimu, mbona hugomi?"

Hakukasirika. Aliwatuma watoto wakanawe mikono, halafu akaniambia jambo ambalo sikumwomba.

"Shuleni kwetu walimu waligoma mara moja," akasema. "Mishahara ilikuwa haiji. Wote walikaa nje kwenye nyasi. Mimi nikaingia darasani."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nikafundisha. Lilikuwa somo la mapinduzi, tena. Wenzangu wananiona dirishani."

"Kwa nini?"

"Mkuu wa shule alinitazama tu asubuhi ile, mama. Hakusema neno. Alinitazama."

Nikaondoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokuja. Mtu kama huyo anataka nini kwa watoto wa wenzake? Anataka wafanye alichoshindwa yeye? Na wakikifanya, watamfanyia nani? Mkuu wake wa shule hayupo. Waingereza wameshaondoka. Waliobaki ni akina mama.

Nilikuwa na haki ya kuuliza, maana zamu yangu ilikuwa njiani.

Mwanaidi alifika umri wa kuanza darasa la kwanza. Shule niliyoiweza haikuwa na nafasi, yenye nafasi sikuiweza. Wengi wetu hapa tunafanya hivyo hivyo: mtoto akifika umri huo anarudishwa nyumbani kwa bibi, mama anabaki anatafuta. Nikaongea na mama yangu Tanga, akafurahi, akaanza kusafisha chumba. Kulikuwa na dada mmoja mwaminifu anarudi Tanzania mwezi uliofuata, akakubali kusafiri naye. Nikamaliza kila kitu kwenye simu, halafu ndipo nikamwambia mtoto, nikiwa namsuka, kichwa chake katikati ya magoti yangu.

"Utaenda kukaa kwa bibi."

Kisha akauliza, "Nani kaamua?"

"Mimi mama yako."

"Na nani mwingine?"

"Na bibi."

"Na nani mwingine?"

"Tulia nimalize kusuka."

Kesho yake akakataa kula. Nilidhani tumbo. Nikampikia uji, akausogeza pembeni kwa kidole kimoja. Wali, hataki. Tambi za mayai anazozipenda kuliko mimi, hataki. Hakulia, hakununa, alikaa mezani mgongo umenyooka, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa kwenye mkutano.

"Mwanaidi, una nini?"

"Nimegoma."

Nusu nicheke, nusu nimchape. "Nani kakufundisha kugoma?"

"Mabaharia."

Hiyo ilikuwa hadithi ya karibuni ya mzee, nayo niliijua kwa sababu Mwanaidi aliiimba kutwa nyumbani. Mabaharia wa Kihindi kwenye meli za Waingereza, bandari ya Bombay, wanalishwa chakula kibovu na kutukanwa juu yake. Siku moja wakakaa mezani wakasema hatuli na hatufanyi kazi. Meli kwa meli zikafuata, bendera ya Mwingereza ikashuka. Watu wa mji wakaja ufukweni na vyakula mikononi kuwapa mabaharia. Mwanangu alipenda hapo kwenye vyakula.

Nikasubiri njaa imshinde. Nilifikiri mtoto wa umri ule hafiki mbali. Ajabu, siku zikaenda na yeye yuko vilevile, mashavu yake yamejaa, anaruka ngazi. Nikashuku. Nikamwinamia nikamnusa nywele. Bizari. Bizari nyembamba na kitunguu kilichokaangwa, na mimi sikuwa nimepika kitu hicho.

Nilifika Tianxiu mchana, nikaikataa lifti nikapanda ngazi kwa hasira. Nikamkuta mwanangu juu ya robota, bakuli la wali na dengu mapajani, anakula kama anayelipwa. Mzee amekaa pembeni ameshika kijiko cha pili.

"Shikamoo," nikasema, na ilitoka kama tusi.

"Marahaba."

"Unamlisha."

"Namlisha."

"Nyumbani anagoma, hapa anakula. Kwa hiyo wewe ndiye unayempa nguvu ya kunipinga mimi."

"Mama Mwanaidi, kugoma sikumtuma. Alikuja mwenyewe ameshagoma. Nilifanyeje? Nimwache na njaa? Hata wale mabaharia, mji uliwaletea..."

"Kwa hiyo mimi ndiye Mwingereza!"

Brayo akaacha mdomo wazi.

"Sijasema hivyo," mzee akasema taratibu.

"Umesema! Kama yeye ni baharia na wewe ni mji, mimi nani? Niambie, mimi nani kwenye hadithi yako? Mimi niliyemzaa kwa kisu, niliyembeba mgongoni Shahe katikati ya matoroli, mimi ndiye nimetoka Ulaya na meli? Nimezaa mimi, Mwalimu. Sijatawala."

Nikamwambia kwa kidole: asimpe tena chakula, hata chungwa.

Na yeye, unajua alifanya nini? Alitii. Kama alivyomtii mkuu wa shule, kama alivyompa mlinzi pasipoti. Nilimtazama alivyoinua lile bakuli kutoka mapajani mwa mwanangu, na mwanangu anamtazama usoni. Nilishinda. Nilitoka pale nimeshinda, na nilijisikia kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Maana sasa mgomo ukawa wa kweli. Mwanaidi hakurudi kula. Maji alikunywa. Nilimbembeleza, nilimtisha, nilimwita bibi yake kwenye simu akalia huko Tanga, mtoto akamwambia, "Pole bibi, siyo wewe." Mama Brayo akaniambia mchape. Maman Fifi akaniambia mwombee. Nikafanya vyote viwili, namwomba Mungu anisamehe kimoja. Siku iliyofuata ilibidi niende Shahe, mzigo wa mteja ulikuwa unafungwa, nikamwacha kago kwa kuwa sikuwa na pengine pa kumwacha. Mchana nikapigiwa simu. Mtoto alikuwa amekaa chini kwenye ngazi za jengo ghafla, miguu imemwishia, mzee akamkuta.

Nilipofika alikuwa anakula. Anakula polepole, analishwa na mzee, na akaniona akanichekea kwa mara ya kwanza tangu siku ya kusukwa.

"Mama! Mwalimu amesema siendi. Amesema nikila, sipelekwi."

Niliushika mlango.

Nikasubiri mpaka amalize. Nikampeleka kwa mama Brayo. Nikarudi. Wakati huo nilikuwa nimeshamuuliza kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa skolashipu anayesoma mambo ya bandari, mabaharia wale waliishia wapi. Akaniambia: wakubwa wa siasa wa Kihindi wenyewe waliwatumia ujumbe wasalimu amri, wakaahidiwa hakuna atakayeguswa. Wakasalimu amri. Wakaguswa. Wengi walifungwa, wengi wakafukuzwa kazi. Ndiyo huo mwisho ambao mzee aliuweka mfukoni pamoja na maganda ya machungwa.

Safari hii sikumwamkia.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua ahadi ya namna hiyo inaishaje, na ukampa mwanangu."

"Nilijua."

"Nani alikupa ruhusa ya kuahidi kwa niaba yangu?"

"Hakuna."

"Ulifanya makusudi ili nibanwe. Nikimpeleka, mimi ndiye mwongo. Nisipompeleka, wewe ndiye umeshinda."

Akaketi kwenye mzani. Mzani ukaandika uzito wake, namba nyekundu zikawaka nyuma yake, na yeye hakuziona. Alikuwa mwepesi kuliko robota la suruali za watoto.

"Niliogopa, mama," akasema. "Nimeona mtoto amekaa kwenye ngazi, mdomo mkavu, na mimi ndiye niliyemchukulia bakuli. Ningemwambia chochote. Ningemwambia kesho ni sikukuu."

Nilimtazama kutafuta uongo. Nimenunua vitu kwa watu waongo kwa miaka, ninajua unakaa wapi usoni. Sikuuona. Lakini kwa waongo hodari pia hauuoni.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza, na nilichukia kwamba nilimuuliza yeye.

"Muulize."

"Nimuulize nani?"

"Mwenyewe. Wale wote niliowasimulia, hakuna siku mtu aliwauliza. Hilo tu sijawahi kuwafundisha watoto, maana sikupata mfano wake."

Nilirudi nyumbani nina hasira na ushauri ule kuliko ahadi yenyewe. Kumuuliza mtoto! Mimi nani aliniuliza? Niliambiwa shule imeisha, nikaambiwa huyu ndiye mchumba, nikaambiwa China kuna maisha. Lakini mtoto alikuwa amelala na mkono wake juu ya mto wangu, amekula, anaamini. Asubuhi nikamkalisha kitandani. Nikamweleza yote, shule, kazi, bibi, chumba kilichosafishwa, kama unavyomweleza mtu mzima mwenzako. Nikamwambia, ukisema unabaki, tutabaki, tutajua cha kufanya. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nani nitamwomba amchukue asubuhi.

Akafikiri. Alitoka akaenda kusimama dirishani, tunakoona ukuta wa jengo la pili na viyoyozi vyake.

"Kwa bibi kuna watoto?"

"Wapo wengi."

"Wanacheza nje?"

"Kutwa."

"Hapa sina nje," akasema. "Basi naenda."

Ndiyo. Alisema hivyo. Mtoto aliyekaa na njaa ili asiende, alipoulizwa akasema anaenda. Nilimuuliza mara ya pili, nikabadilisha maneno, nikayapinda ili abaki, sioni aibu kusema. Akanishika shavu. "Nimeshakujibu, mama."

Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Hakulia. Mimi nilirudi na treni nimesimama njia nzima, viti vipo.

Kago sikwenda tena. Mizigo yangu nikaihamishia kwa mtu mwingine, nikasema ni mambo ya bei. Nilikuwa namlaani mzee kila nilipofungua jokofu nikakuta chakula cha mtu mmoja. Kama ningempeleka kwa nguvu, angalau ningekuwa na kosa langu, ningelikumbatia usiku. Huyu mzee aliniondolea hata hilo. Mwanangu aliondoka kwa hiari yake, na hiari ya mtoto hairudishwi na machozi ya mama. Na nilijiuliza, najiuliza hadi sasa: alijua? Aliposema muulize, alikuwa ameshajua atajibu nini, baada ya kukaa naye juu ya marobota siku zote zile?

Miezi ikapita. Siku moja ya Jumamosi, Shahe, saa sita mchana, soko linakaribia kufunga, nilikuwa nafunga mzigo chini kwenye korido nikaona kizibao cha mifuko mingi kinakuja katikati ya matoroli. Mtu ambaye hajawahi kufika Shahe utamjua: kila toroli likipiga kelele anaomba radhi. Alikuwa amekonda. Akanifikia, akakaa juu ya robota bila kuuliza, pumzi hana.

Laoban, mwenye duka, mama mnene wa Kichina, akatoka akampigia kelele asikae pale. Mzee akaruka kusimama, "hao, hao," mikono miwili mbele. Nikamgeukia laoban nikampa Kichina changu chote cha sokoni, akarudi ndani. Nikamwambia mzee, "Kaa."

Akakaa. "Umenihama," akasema.

"Ni mambo ya bei."

"Mpwa wangu aliniambia mtoto kaondoka. Nimekuja kukuuliza. Ulimlazimisha?"

"Nilimuuliza."

"Akasema?"

"Akasema anaenda."

Aliinamisha kichwa. Nilimwangalia kwa karibu kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu. "Sikuwaza hilo," akasema. "Wallahi, mama Mwanaidi, nilidhani atasema anabaki. Nilikuwa nimeshamwekea nafasi mbele."

Nilitaka kumjibu, simu ikalia. Tanga ilikuwa asubuhi. Uso wa Mwanaidi ukaja kwenye kioo, umeungua jua, pengo jipya mbele.

"Mama! Umekaa na nani?"

Nikaielekeza simu. Mzee, ambaye hakutaka kupigwa picha na mtu, akabaki anaitazama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Unasoma?"

"Nasoma. Mwalimu wetu wa huku anatuchapa. Nimemwambia bibi, bibi amekwenda shuleni." Kisha akanitafuta mimi, nikairudisha simu. "Mama, likizo inakuja. Bibi anasema unataka kuninunulia tiketi nije."

"Nimeshaongea na dada wa tiketi, mwanangu. Nimekukumbuka mno."

"Usinunue kabla hujaniuliza."

Korido nzima ilikuwa inavuta milango ya chuma kwa kufunga, lakini nilimsikia vizuri.

"Nakuuliza basi," nikasema. "Utakuja?"

"Ngoja nifikirie," akasema mwanangu. "Nitakupigia kesho."

Akakata yeye. Mzee alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na sikutaka kumpa raha ya kuulizwa. Nikamwambia anyanyuke, amekalia mzigo wa watu.